Kunguru Anastahili Barua ya Sheha

Mtumishi mwaminifu kuliko wote katika mji wa Zanzibar hajapata kudai mshahara. Aliletwa kutoka India katika miaka ya 1890, Waingereza walipokuwa wameshaiweka Zanzibar chini ya himaya yao, akapewa kazi moja tu: kula taka za mji. Hakuna aliyekuja kumwambia kwamba kazi imekwisha. Waliomleta wameshazikwa, ofisi zao zimeshabadilishwa majina, na yeye bado yuko zamu. Alfajiri, gari la manispaa likiwa halijawashwa, kunguru wa shingo ya kijivu ameshatua juu ya kontena la taka la mtaa wetu, anakagua.

Nakusudia kumsifu, na najua nitakayoambiwa barazani. Nitaambiwa ni mwizi, mchafu, mgeni, na ana kelele. Subirini. Wakili mzuri hakatai mashtaka, huyageuza.

Nianze na ugeni, maana ndio unaonichekesha zaidi. Ng'ambo yote, yaani mji ulio nje ya Mji Mkongwe, ilijengwa na watu waliotoka kwingine. Mngazija, Mshihiri, Mmanyema, Mhindi, kila mmoja ana babu yake aliyeshuka chomboni, na wapo walioshushwa kwa nguvu. Kunguru naye ana babu yake aliyeshuka chomboni, tena kwa kuitwa na serikali, jambo ambalo wengi wetu hatuwezi kulisema mbele za watu. Tarehe 10 Desemba 1963 tulipata uhuru chini ya Sultani, tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, tarehe 26 Aprili mwaka huohuo ukaja Muungano. Ndani ya miezi isiyotimia mitano wako waliobadili mavazi, majina na hata jamaa. Kunguru hakubadili hata tawi.

Matawi yenyewe ndiyo yaliyomkimbia. Mitaa yetu imepewa majina ya miembe: Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri, Miembeni. Miembe hiyo leo uitafute kwa tochi. Binadamu akibomolewa nyumba hufungua kesi, au hukaa redioni akilia fidia. Kunguru alipokatiwa mwembe alipanda kwenye majumba ya Michenzani, yale marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, akachagua nguzo ya umeme iliyo karibu, akaanza ujenzi. Hanunui saruji. Hukusanya vipande vya waya, nondo nyembamba, henga za nguo, akasuka tundu ambalo masika na pepo zake haziliangushi. Henga yako ikitoweka kambani usimsingizie mtoto wa jirani. Inua kichwa.

Sasa tuingie uani, maana huko ndiko wema wake unakoonekana kwa macho. Zamani Bwana Afya alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akitufundisha kufunika vyakula, na tulikuwa tukimuitikia vizuri sana mpaka agonge mlango unaofuata. Kunguru hahutubii. Mwanamke anaweka sahani ya samaki wa kukaanga juu ya kinu, anageuka kuchukua limau, akirudi anakuta vitunguu tu. Somo hilo halirudiwi. Tangu siku hiyo nyumba hiyo hula chakula kilichofunikwa, na kama bado kuna wazee wanaosuka makawa ya ukili na watu wanaoyanunua Darajani, basi ile sanaa inadaiwa na kunguru shukurani kubwa kuliko inazodaiwa na idara yoyote ya utamaduni. Nimewahi kumsikia bibi mmoja akimkemea mkwe wake kwa sauti iliyofika mitaa miwili: "Mwanangu, utazungumza na simu au utaweka kawa?" Ndoa ile bado ipo. Sijui kama ingekuwepo bila ndege huyu kuwapa jambo la nje la kulaumiwa.

Tena si mchoyo. Hili watu hawalioni. Anachokitwaa uani kwako hakiweki benki. Kipande cha sabuni ya kufulia kilichoachwa ukingoni mwa karo asubuhi huonekana adhuhuri juu ya bati la jirani wa tatu, kimedonolewa kidogo, bado kinafaa. Mwenye bati hufua bure siku hiyo. Kijiko cha kwenu kinakwenda kwao, mfupa wa kwao unakuja kwenu, mara nyingine moja kwa moja ndani ya tangi la maji. Mgawanyo huu wa mali haukusubiri azimio la chama chochote.

Na pamoja na mali husafiri habari. Mtu wa mtaa wetu alikuwa na deni la mchele na mafuta kwenye duka la pembeni. Kila akipita alikuwa akimwambia muuza duka, kwa sauti ya mgonjwa, kwamba nyumbani wiki hii wanakula mhogo na chai. Ijumaa moja, baada ya sala, kichwa cha nguru kikaanguka kutoka mbinguni mbele ya duka lile, bado kina mchuzi wa nazi, na kunguru wawili nyuma yake wakigombana. Muuza duka alitazama juu, akafuata bati kwa bati walikotokea, akafunga daftari lake kwa upole, akavaa viatu. Deni lililipwa kabla ya alasiri. Mahakama ingechukua muda gani?

Sheha wetu ni mtu wa watu, nampenda, lakini kazi yake mojawapo ni kujua nani ameingia katika shehia na nani ametoka, na hapo lazima niseme kweli: ana msaidizi asiyemlipa. Wako wazee wanaosema kunguru akilia sana juu ya paa kuna mgeni njiani. Mimi nina maelezo rahisi zaidi: mgeni akija huchinjwa kuku, na kunguru hutaka kuwepo. Arusi yupo, hitima yupo, futari ya mwezi wa Ramadhani yupo tangu watu wanapoanza kukuna nazi, kwa sababu chicha halimpiti. Siku ya Idi ya kuchinja hujipanga ukutani kwa utaratibu ambao foleni ya benki haijaufikia. Na mtoto wa watu akitoka shule na andazi mkononi, kunguru humsindikiza. Kumsindikiza mpaka wapi, hilo ni suala la kasi ya mtoto.

Kuhusu uchafu, hapa mtaa unapaswa kuinamisha kichwa. Usiku sisi hutoka na mifuko yetu tumeifunga mafundo, tukaiweka pembeni mwa kontena lililojaa, tukarudi ndani tukijiona wasafi. Asubuhi kunguru hufungua mafundo. Anatawanya barabarani maganda, pampasi za watoto, chupa, barua za mikopo, na ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tangu miaka ya 2000 ambayo kila mtu huapa kwamba haitumii. Tunapiga kelele kwamba ndege huyu anachafua mtaa. Lakini hakuna hata kitu kimoja pale alichokinunua yeye. Yeye ni mkaguzi wa hesabu, ripoti yake huiweka hadharani, na kama ilivyo kwa ripoti nyingi za ukaguzi, anayelaumiwa ni aliyeitoa.

Wenye elimu ya dini watanikumbusha, na wana haki, kwamba Mtume ametaja viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa hata na aliyehirimia, na kunguru yumo, pamoja na mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Sibishani na hadithi. Ila nami naomba tusome Qur'ani, Surat al-Maida, pale Kabil alipomuua ndugu yake akawa hajui aufanyeje mwili. Nani aliyetumwa kufukua ardhi mbele yake ili amuoneshe? Binadamu aligundua mauaji peke yake, bila mwalimu. Maziko ndiyo yaliyohitaji somo, na mwalimu alikuwa ndege mweusi. Hata sasa kunguru mmoja akifa kwa waya wa umeme, wenziwe hujaa juu ya mabati kwa mamia, kwa kelele, wakakaa, wakazungukazunguka, kisha wakatawanyika. Hawachangishi, hawaandiki nani aliyekuja na nani hakuja, wala hakuna anayeuliza pilau litaiva saa ngapi.

Umoja wao ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu sisi tunaukosa. Kifaranga cha kunguru kikianguka uwanjani, jaribu kukiokota. Ndani ya dakika moja utazungukwa, na utosi wako utajua. Wako vijana mtaani kwetu ambao mpaka leo hupita njia ya nyuma kwa sababu ya tukio la namna hiyo. Mtoto wa binadamu akianguka kwenye mtaro usio na kifuniko, tunakutana kujadili ni kazi ya manispaa au ya kamati ya shehia.

Sitaki kuficha dosari zake, sifa za uongo hazimfai. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo wa kisiwa hiki, na kuna bustani ambazo zamani zilikuwa na milio mingi na sasa zina mlio mmoja. Kwa vifaranga vya kuku ni balaa, ndiyo maana utawaona wafugaji wengine wakiwapaka rangi ya waridi na kijani ili kumtatiza. Nimetazama kazi hiyo kwa makini. Kunguru huonekana kutatizika kwa muda, kisha huchukua wa waridi.

Wala msidhani hakujaribiwa kuondolewa. Katika miaka ya 1990 Zanzibar iliendesha kampeni ya mitego na sumu, kunguru wakapungua sana, mji ukapumua. Kampeni ilipopoa walirudi, maana taka hazikupungua hata siku moja. Mombasa, ambako wamo tangu miaka ya 1940, wanajua hadithi hiyo vizuri, na mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza nia ya kuwaondoa kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Milioni moja! Mimi tangu nizaliwe hakuna ofisi iliyonipangia bajeti hata mara moja. Na bado ndege huyu hupanda meli bila tiketi: katika miaka ya 1990 alikwishafika Uholanzi, bandari ya Hoek van Holland, akakaa, akazaa, kwenye baridi ile. Vijana wetu wanauza mashamba ya baba zao kwa safari hiyo.

Kwa hivyo nina ombi moja la kiofisi. Katika nchi hii mtu akitaka kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, safari yake huanzia kwa sheha, atoe barua kwamba anamjua na anakaa katika shehia yake. Kunguru ana zaidi ya miaka mia moja hapa, hajahama, hana kesi ya kiwanja, na kila nyumba iko tayari kushuhudia kwamba inamjua, ijapokuwa ushahidi wenyewe utakuwa na matusi ndani yake. Jina la baba hatuna, lakini makao yanajulikana: nguzo ya umeme, ubavuni mwa kontena. Namuomba sheha aiandike barua hiyo, aitie sahihi na kuipiga muhuri. Ila baada ya hapo, kwa usalama wake mwenyewe, huo muhuri asiuache dirishani.