Bukta Isiyo na Mfuko

Mwalimu, mume wangu, alirudi kutoka kliniki Ijumaa moja, akaweka kikaratasi cha daktari juu ya cherehani yangu, palipokuwa na sketi ya sare niliyoahidi kuimaliza kabla ya jua kutua. Presha ilikuwa imepanda. Dawa ilikuwa imeandikwa, na chini yake daktari ameongeza kwa kalamu kwamba mgonjwa afanye mazoezi ya kumtoa jasho, angalau mara tatu kwa wiki. Nilisoma maneno hayo mara mbili, nikaingiwa na hofu. Baba mkwe alipigwa na kiharusi akiwa na miaka 56, na Mwalimu alikuwa ametimiza miaka hiyohiyo mwezi uliopita.

“Nitacheza tenisi na huyu,” akasema, akimwelekezea binti yetu kidevu.

Binti aliruka. Maneno hayo aliyangoja tangu Julai 2022, Angela Okutoyi, msichana wa Nairobi aliyelelewa na nyanya yake, aliposhinda taji la wasichana wawili wawili kule Wimbledon, akiwa na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp. Tulitazama habari hiyo sote sebuleni. Kuanzia wiki ile binti yetu akawa anapiga mpira kwenye ukuta wa choo cha nje kwa raketi ya kuazima, mpaka majirani wakazoea ule mdundo kama walivyozoea mlio wa cherehani yangu. Alichokosa ni mtu wa kusimama upande wa pili wa wavu.

Basi kazi ya kumvisha baba ikaniangukia mimi. Nimeshona barazani kwangu hapa Manyatta, Kisumu, kwa zaidi ya miaka 20, wateja wananiita Mama Fundi, na kama kuna kitu nilichoamini nakijua ni nguo ya mwanamume.

Nilianza na pamba, na nina sababu. Mama yangu alifanya kazi KICOMI, kiwanda cha pamba cha Kisumu, siku ambazo king’ora chake ndicho kilichokuwa saa ya mtaa mzima. Alirudi na nyuzi nyeupe kwenye nyusi. Alitufundisha kukitambua kitambaa kwa moto: chomoa uzi, uwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka, ikajikunja kuwa kishanga kigumu cheusi. Kiwanda kilipofungwa mama hakupata kazi nyingine ya kudumu, na mpaka alipofariki aliiita poliesta “plastiki”. Sikuweza kumvisha mume wangu plastiki.

Mwalimu naye alikuwa na ndoto yake. Alipokuwa mvulana aliokota mipira kwenye klabu moja ya Milimani, na wachezaji wote, wazungu kwa wahindi, walivaa nyeupe kuanzia kofia hadi soksi. Yeye hufundisha historia, kwa hiyo chakula cha jioni kilikwenda na somo. Alitueleza kwamba Waingereza wa kale waliona aibu doa la jasho kuonekana hadharani, na nyeupe ililificha. Kwamba Wimbledon mpaka leo inashikilia sheria hiyo. Kwamba wanaume walicheza wakiwa na shati la mikono mirefu hadi Mfaransa René Lacoste alipojitokeza mwaka 1926 na fulana ya kola, mikono mifupi, ya pamba iliyofumwa kwa vitundu. Niliposikia pamba, nikafunga mjadala. Nikamshonea fulana ya kola, nyeupe pe. Bukta tukanunua soko la Jubilee, nyeupe vilevile, ya kuchezea kandanda.

Jumamosi ya kwanza walishuka kwenye uwanja wa saruji wa shule moja iliyo karibu, saa kumi jioni. Nilikwenda na chupa ya maji. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, lakini ziwa hutupumulia joto lenye unyevu, na jasho la huku halikauki upesi kama la Eldoret. Baada ya dakika 20 fulana yangu ilikuwa imelowa kuanzia kola hadi pindo. Ilinata mgongoni, ikavutika chini, ikamlemea mabega kila alipoinua mkono. Usiku alinionyesha makwapa: ngozi imechubuka, nyekundu. Uzi wa pamba hunywa maji hadi ndani na kuyashikilia. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo inayoifanya pamba kuwa rafiki wa mtoto mchanga, na mzigo kwa mtu anayekimbia katika hewa nzito ya ziwani.

Halafu kulikuwa na mpira wa pili. Anayeanzisha kila pointi ya tenisi hupewa nafasi mbili, kwa hiyo hushika mpira mmoja mkononi na mwingine anauweka mfukoni. Bukta ya kandanda haina mfuko. Mwalimu aliuchomeka mpira kiunoni, ukaanguka. Akaushika pamoja na ule wa kwanza, vidole vikakosa nafasi. Mwishowe akawa anauweka chini nyuma yake, na mara moja nusura aukanyage. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu nisilipe uzito. Fundi mzima, nimeshona mifuko isiyohesabika, na nikadhani ni usumbufu tu.

Jumapili tulikwenda Kibuye, siku ambayo soko hilo hufurika hadi barabarani. Muuza mitumba mmoja alitupa fulana ya poliesta begani mwa Mwalimu na kusema, “Mzee, hii ni kamera, haijavaliwa.” Nilitaka kuirudisha. Binti akainyunyizia tone la maji kutoka kwenye chupa. Kwenye pamba tone lingezama na kubaki duara dogo la giza. Hapa lilitawanyika, likatambaa kwenye nyuzi, na tukiwa bado tunabishana bei likakauka. Nikanyamaza. Poliesta hainywi maji. Jasho hupita juu ya nyuzi zake, likasambaa pana, na upepo mdogo tu hulimaliza. Nililipa shilingi 150 nikiwa na hisia kwamba mama ananitazama.

Fulana hiyo ilikaa nyumbani siku nne. Alhamisi mpwa wangu, msichana mwema anayeishi nasi akisoma chuo, aliamua kumpigia mjomba wake pasi. Stima zilikuwa zimepotea, akatumia pasi ya makaa. Nilisikia harufu kabla ya kusikia kilio. Mgongoni mwa fulana palikuwa na tundu lenye umbo kamili la pasi, kingo zake ngumu kama kucha, na kitambaa kilichoyeyuka kimeganda kwenye chuma. Alilia sana. Nilimwambia ukweli, kwamba kosa ni langu: mimi ndiye niliyejua plastiki inafanya nini motoni, na sikumwonya. Nguo ya aina ile haihitaji pasi kamwe. Ikunjue, iangike kivulini, yatosha. Sehemu ya mbele ilikuwa nzima, nikaikata na kuiweka kwenye kikapu cha vipande.

Wiki iliyofuata bukta na fulana ya pamba viliingia beseni moja na leso yangu mpya nyekundu. Vilitoka na rangi ya waridi. Nikamimina dawa ya kung’arisha, nikaacha usiku kucha. Asubuhi weupe ulikuwa umerudi nusu, lakini mpira wa kiunoni kwenye bukta ulikuwa umekufa, umelegea kama uzi wa kawaida. Klorini hula mpira wa nguo. Tangu hapo nguo zote za mazoezi nafua kwa sabuni kidogo na maji baridi, na kile kioevu cha kulainisha nguo nimekipiga marufuku, maana huacha utando unaozuia jasho kupita.

Lakini hayo yote yalikuwa nguo, na nguo hulipwa kwa shilingi. La viatu ndilo linaloniuma hadi leo.

Mwalimu alikuwa na raba za kukimbilia, za mtumba, nzuri machoni, soli nene yenye kisigino kilichonyanyuka. Kwetu zilikuwa raba tu. Hatukujua kwamba mkimbiaji huenda mbele, mguu mmoja baada ya mwingine, na kiatu chake hutengenezwa kwa safari hiyo: laini, chepesi, kirefu kisiginoni. Mchezaji wa tenisi huenda kando. Anakimbia hatua nne, anasimama ghafla, anageuka. Kiatu chake hutakiwa kiwe karibu na ardhi, kipana ubavuni, kigumu pembeni ili mguu usimwagike nje, na soli yake iwe ya mpira mzito, kwa sababu saruji husaga kila kitu. Hatukujua pia kwamba sponji ya kiatu kilichokaa ghalani miaka mingi huzeeka ndani kwa ndani, na gundi hukauka, hata kama juu hakina mkwaruzo.

Jumamosi ya nne binti alipeleka mpira kwenye kona. Mwalimu aliufuata, akaupata, na alipotaka kurudi katikati, soli ya kulia ikaachia ubavuni na kisigino kikabingirika. Alianguka kimyakimya. Nilimwona binti akiruka wavu, na katika ule muda mfupi kabla hajasema neno niliwaza presha, nikamwaza baba mkwe, nikawaza kila kitu.

Ilikuwa kifundo cha mguu. Tulimrudisha kwa tuktuk, mguu umeshavimba kama muhogo. Jirani yetu anayeuza samaki alikuwa anateremsha shehena yake kutoka ufuo wa Dunga. Alipotuona aliacha kila kitu. “Mama Fundi, leta beseni!” Akachota barafu kutoka kwenye sanduku la mbuta, tukaifunga kwenye kipande cha ile fulana ya pamba ya waridi, tukaifunga mguuni, dakika 15 kwa 15, mguu umeinuliwa juu ya mito. Nyumba ilinuka samaki siku mbili. Picha hospitalini haikuonyesha mvunjiko, ila kano zilikuwa zimevutika, na tukaambiwa apumzike wiki sita.

Usiku ule Mwalimu alisema jambo nililotarajia: “Tuache. Umri umepita.” Binti hakujibu. Aliichukua raketi akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na ukuta wa choo ukawa kimya.

Kimya hicho ndicho kilichonirudisha kwenye cherehani. Nilikuwa nimemvisha mume wangu kwa ajili ya macho, yangu na yake, na mguu wake tukauacha kuwa wa mwisho. Niliuliza. Kocha mmoja alinionyesha jinsi ya kukijaribu kiatu: kikamate kisigino kwa dole gumba, kisibonyee, kikunje, kipinde pale vidole vinapopindia tu, si katikati, kisokote kama unayekamua nguo, kikatae. Fedha za mapazia mapya zikawa za raba za tenisi, shilingi 3,800, mpya, kutoka duka la Oginga Odinga Street. Tulikwenda jioni, mguu ukiwa umetanuka kwa joto la siku, na Mwalimu akavaa soksi zake nene kabisa kabla ya kujaribu.

Bukta niliishona mwenyewe. Niliuchukua mpira wa binti nikaupima kwa tepu kama ninavyopima kiuno cha mteja: kipenyo chini kidogo ya sentimita 7, mzingo sentimita 21. Mfuko wenye mdomo mwembamba utaukaba mkono. Wenye kina kifupi utautema mpira mtu anapokimbia. Nilikata mdomo wa sentimita 17 ulioegemea nyuma kidogo, kina sentimita 24, ili mpira ukae pajani bila kugonga goti. Kwa bitana nilihitaji kitu chepesi kisichonywa jasho, maana mpira uliolowa ni mzito na huteleza. Nikafungua kikapu cha vipande, nikatoa mbele ya ile fulana iliyoungua. Mpwa wangu aliitambua, akaniomba aipige mishono ya mwisho yeye.

Na pamba ya mama haikukosa mahali pake. Kutoka kwenye taulo la zamani nilikata mikanda miwili, nikaishona na kutia mpira, ikawa ya kuvaa vifundoni mwa mikono. Pale tunataka kitambaa kinywe, kinywe haswa, jasho lisifike kwenye mpini wa raketi. Kofia nilichagua yenye ukingo pande zote, si ya chepeo. Tuko karibu kabisa na ikweta, na jua la saa tisa huchoma hata shingo ya nyuma.

Walirudi uwanjani wiki ya nane baada ya Mwalimu kuumia. Mawingu yalikuwa yameshaanza kupanda upande wa ziwa, meusi chini, na upepo wenye harufu ya mvua ulikuwa unatikisa wavu. Mwalimu alisimama kwenye mstari, akarusha mpira juu, akapiga. Ukagonga wavu. Niliushika ubao wa benchi. Yeye hakugeuka nyuma wala kuinama. Alishusha mkono wa kushoto pajani, mfuko ukaupokea, na mkono ukatoka na mpira wa pili, mkavu.

“Haraka, Baba,” binti aliita kutoka ng’ambo, huku matone ya kwanza yakianza kutua kwenye saruji. “Mvua hiyo!”