Mzungu Aliyeuza Matundu

Uingereza ya Malkia Victoria ilikuwa na elimu nyingi na jasho jingi. Profesa Gustav Jaeger, Mjerumani, alihubiri kwamba nyuzi za mimea hudhuru mwili, hivyo mtu avae sufu ya mnyama kuanzia chupi hadi koti. Akaaminiwa. Mwaka 1884 biashara yenye jina lake ikafunguliwa London, na mwandishi George Bernard Shaw akatamba mjini na suti ya sufu tupu. Afya ilikuwa yake. Harufu, bila shaka, ya jirani.

Mwaka 1888 akazuka Lewis Haslam wa Bolton, mji wa viwanda vya pamba. Alikuja na Aertex, kitambaa cha pamba kilichofumwa kikaachiwa vitundu. Wakati wa baridi, hewa iliyonaswa humo huzuia joto la mwili lisitoroke. Wakati wa joto, jasho hupata njia. Hoja ni ya kweli kabisa. Kwa hesabu ya sokoni, hata hivyo, bwana huyu aliuza nguo pungufu kwa bei kamili, na mwaka 1906 wapiga kura wakamtuza kiti bungeni, mahali ambapo hewa haijawahi kuadimika.

Vita vya Pili vya Dunia vilimpa haki yake: mashati ya Aertex yalivaliwa na wanajeshi wa Uingereza katika misitu ya Burma.

Mwaka 1970 timu ya Uingereza ilikwenda Kombe la Dunia nchini Mexico na jezi nyepesi za vitundu. Iliongoza 2–0 dhidi ya Ujerumani Magharibi, ikafungwa 3–2. Jezi hazikuwa na kosa. Matundu ya ngome hayakufumwa kiwandani.