Gunia la Mheshimiwa

Lilikuwa gunia la kilo 25, unga mweupe wa mahindi, na mbele yake picha ya mgombea ubunge mwenye tai nyekundu na tabasamu la mtu aliyekwisha kushinda. Liliingia nyumbani kwetu Manika, hapa Kolwezi, mwishoni mwa Novemba 2023, kampeni zikiwa bado mbichi. Mimi nilikuwa shuleni nafundisha, mume wangu yuko kazini. Aliyelipokea ni mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Nkambo na sisi wakubwa tumefuata. Vijana walishuka kwenye gari la vipaza sauti, wakamwimbia, wakamvika fulana, wakamwita Mama wa Taifa, wakalibeba gunia hadi jikoni. Jina kubwa namna hiyo hakuwahi kupewa na mtu, hata na marehemu mumewe.

Sasa, mume wangu, Baba Mapacha, ni katekista. Ndiye anayeongoza sala za shirika letu la mtaa, na wiki ileile alikuwa amewafundisha watu, jasho likimtoka, kwamba Mkristo hauzi kura yake kwa chumvi, kwa kitenge wala kwa bia. Jioni aliporudi akakuta sura ya mheshimiwa inamkodolea macho kutoka pembeni mwa gunia la makala.

"Mama, hiki ni nini?"

"Bunga."

"Naona ni bunga. Imetoka wapi?"

"Wameleta. Na wewe shirikani ulitaja chumvi, kitenge na pombe. Bunga hukuitaja."

Asiyeishi huku atamwona Nkambo mlafi, na atakuwa amemwonea. Lualaba ina shaba na kobalti ya kulisha viwanda vya dunia, lakini mahindi yake hayatoshi. Unga mwingi tunaosongea bukari, yaani ugali wetu, unatoka Zambia. Malori yanapeleka shaba mpakani Kasumbalesa, mengine yanaingia na unga, na Zambia ikifunga mlango wa mahindi yake, sufuria za Kolwezi ndizo za kwanza kujua. Mwaka ule bei ilikuwa imepanda hadi kina mama wanahesabu vikombe. Halafu Nkambo alizaa na kulea enzi kampuni ya madini ya Gécamines ikigawa posho ya unga kwa wafanyakazi wake. Kwake yeye, mkubwa anayegawa unga hatendi jambo la ajabu. Wa ajabu ni yule asiyegawa.

Baba Mapacha hakusikia. "Litarudi lilikotoka," akasema, na kesho yake akalifunga nyuma ya pikipiki ya kukodi, akaenda nalo hadi ofisi ya kampeni.

Alirudi mvua ikinyesha, amelowa chapachapa, na magunia mawili.

Ilikuwa hivi. Kijana wa mapokezi alimwona mtu mzima anashusha gunia kwa hasira, akamsikia akisema "hili hatulitaki", akaelewa kuwa familia ni kubwa na gunia moja ni dharau. Akaomba radhi kwa heshima zote. Akamwongezea la pili. Katika kubishana akamwomba jina na namba ya simu ili malalamiko yafike juu, na Baba Mapacha, ambaye hajui kuficha jina lake, akayaandika yote mawili kwenye daftari. Lile halikuwa daftari la malalamiko. Tangu usiku ule simu yake ikawa inapokea ujumbe: kamarade mhamasishaji, mkutano ni saa nne, kamarade mhamasishaji, leta watu wako wa mtaa. Siku ya tatu mwenyekiti wa baraza la parokia akamsimamisha nje ya kanisa, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli.

Magunia yakafungiwa stoo. Ufunguo Baba Mapacha akautundika shingoni, pamoja na rozari.

Nyumbani kwetu tuliendelea kula bukari na sombe kama kawaida, na hapo mimi kama mpishi ningepaswa kushangaa, kwa kuwa unga nilionunua haukuwa ukipungua. Baba Mapacha kila jioni alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa chakula kilichotokana na jasho letu. Nkambo aliitikia "Amina" kwa nguvu kuliko sisi sote. Mpaka jioni moja pacha mmoja, yule asiyejua kunyamaza, akasema: "Baba, huu ndio unga wa yule mzee wa tai. Nkambo ana ufunguo mwingine."

Tonge lilisimama hewani. Baba Mapacha akalirudisha sahanini polepole, akamgeukia mama yake. Nilitazamia kilio. Nkambo akanawa mikono, akamfundisha katekista Biblia.

Hajui kusoma, lakini masomo ya misa ameyahifadhi kwa miaka mingi kuliko umri wa mwanawe. Akamkumbusha Paulo alivyowaandikia Wakorinto, waliokuwa wakigombana juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu kisha ikauzwa sokoni. Paulo aliwaambia wale bila kuulizauliza. Ila mtu akikwambia waziwazi kwamba nyama hii ni ya sadaka ya sanamu, basi uiache, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyekwambia.

"Juzi na jana hukuambiwa," akasema Nkambo. "Ulikula bila zambi. Leo mtoto amekuambia. Acha, sisi wengine tutamalizia."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya sura ile ya kumi. Sijaisikia ikifasiriwa kwa ufundi namna hiyo, wala kwa haraka hivyo, maana sahani ya mwanawe ilikuwa imekwisha kusogezwa.

Padre wetu alipopelekewa kesi alicheka hadi akavua miwani. Unga uliobaki wapeni wajane wa shirika, akasema, na mheshimiwa hamdaiwi naye chochote. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Na tarehe 20 Desemba, kwa rais, mmekwisha kuamua?"

Tukatazamana. Tulikuwa tumemaliza karibu kampeni nzima tukipigana na gunia, na kwa kupigana nalo kila mmoja wetu alijiona ana dhamiri safi.

Kumbe kazi yenyewe hatujaianza. Nkambo hakuwa na maswali: Moïse Katumbi, basi. Alikuwa gavana wa Katanga, jimbo letu la zamani, kuanzia 2007 hadi 2015, ni rais wa klabu ya soka ya TP Mazembe, ni mtoto wa nyumbani. Baba Mapacha, nilipombana, alikiri kwamba moyo wake uko kwa daktari Denis Mukwege wa Bukavu, mwenye Nobeli ya amani ya 2018, anayetibu wanawake na tena anahubiri. Katekista wa Kikatoliki anampenda mchungaji wa Kipentekoste! Lakini aliogopa kuwa kura hiyo ni sawa na kuitupa mtoni, na hakujua kama dhamiri inaruhusu kura ya kutupa.

Kwangu mimi jambo lilikuwa zito zaidi. Baba yangu alikuwa Mluba wa Kasai. Nimezaliwa Kolwezi, Kiswahili changu ni cha hapa, nimeolewa hapa. Lakini mwaka 1992, Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulipomchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu badala ya Nguz wa Katanga, siasa za gavana Kyungu wa Kumwanza ziligeuka moto juu ya vichwa vya Wakasai. Ulianzia Likasi, na Machi 1993 ukafika Kolwezi. Watu waliofanya kazi migodini miaka thelathini walilala kituo cha reli wiki kwa wiki wakingoja treni ya kwenda Kasai, ambako wengine hawakuwahi kufika. Wengi walikufa pale kituoni na njiani. Bibi yangu mzaa baba aliondoka na cherehani bila meza yake, kwa kuwa meza haikuruhusiwa behewani. Nyumba yao ina watu wengine hadi leo, na tukikutana sokoni tunasalimiana.

Mwaka 2023 mwana wa yule Étienne, Félix Tshisekedi, ndiye aliyekuwa rais na akiomba muhula wa pili. Nikimpigia, mtaa utasema damu imemwita. Nikimpigia Katumbi, ndugu zangu watasema naogopa treni. Kura ni siri, ndiyo, lakini yangu ilikuwa imekwisha kusomwa na kila mtu kabla sijaipiga. Mashirikani tulikuwa tukifundishwa tusichague kwa kabila. Hakuna aliyetufundisha afanye nini mtu ambaye kila atakayemchagua kuna kabila limemsubiri mlangoni.

Na maaskofu hawatakupa jina. Sitaki kuwalaumu. Mwaka 2018 Baraza la Maaskofu, CENCO, lilipeleka waangalizi wapatao 40,000 vituoni, na Januari 2019 likasema linamjua mshindi, kisha matokeo yalipotoka likasema hayalingani na takwimu zake. Hata hapo jina halikutamkwa. Kanisa huku kwetu ni hodari wa kulinda hesabu ya kura. Kura yenyewe linakuachia wewe na Mungu wako.

Shemeji yangu, mchimbaji mdogo anayeuza kobalti yake kwenye maghala ya Musompo, alitoa ushauri wake tukiwa barazani. Pale wanunuzi wana kifaa kinachoitwa metorex: wanakielekeza kwenye gunia, kinasema madini ni asilimia ngapi. "Tatizo la wagombea, shemeji," akasema, "ni kwamba metorex wanashika wao." Wachimbaji wote wanalijua hilo: kifaa anakishika mnunuzi, na asilimia huwa ndogo daima. Nililala nalo neno hilo.

Nilichoamua mwishowe nitakisema, jina nitalibakiza. Niliacha kujiuliza nani ni mwema, kwa sababu kila mtu ana mizani yake ya wema. Nikajiuliza: ni yupi ambaye akiharibu nitaweza kumlaumu mbele za watu, shirikani na sokoni, bila woga na bila aibu ya ukoo? Yule ambaye ningejikuta namtetea kwa sababu tu ni wa kwetu, au namnyamazia kwa sababu ya hofu, huyo sina haki ya kumpa kura. Jibu nililopata lilinishangaza mimi mwenyewe.

Siku yenyewe ikafika, Jumatano. Kituo chetu kilichelewa kufunguliwa, kama vingi nchini. Tume ya Uchaguzi, CENI, ililazimika kuongeza siku ya pili. Kadi za kura za watu wengi zilikuwa zimefifia maandishi, na kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha Mkongo, kwa hiyo kwenye foleni kulikuwa na wazee wanaogeuzageuza vipande vyeupe juani wakitafuta majina yao wenyewe. Baba Mapacha alipiga kura mapema, akatoka na uso wa mtu aliyetoka kitubioni.

Nkambo haielewi mashine ya kura, na sheria inamruhusu asiyeweza kupiga mwenyewe achague mpiga kura wa kumsaidia. Akanichagua mimi, mkwe wa Kikasai, mbele ya mwanawe. Nikaingia naye. Kura yake ya urais niliiona, nami nitakwenda nayo kaburini. Ya ubunge naweza kuisimulia kwa kuwa yeye mwenyewe ameshaitangaza mtaa mzima. Sura zilipojitokeza aliniuliza yule wa bunga yuko wapi. Nikamwonyesha. Akainama karibu na kioo, akasema, "Aksanti sana, baba, tulikula," halafu kidole chake kikapita, kikambonyeza mtu mwingine kabisa.

CENI ilitangaza tarehe 31 Desemba kwamba Tshisekedi amepata asilimia 73.34 na Katumbi 18.08. Mukwege hakufika hata asilimia 1. Mahakama ya Katiba ikathibitisha Januari 9, 2024. Siku chache kabla ya hapo CENI ilikuwa imefuta kura za wagombea 82 kwa makosa ya udanganyifu na rushwa. Mheshimiwa wetu hakuwemo kati ya hao 82, na bungeni pia hayumo. Simu ya Baba Mapacha bado inamwita kamarade.

Nawaomba mapadre na wachungaji wetu jambo moja kwa ajili ya 2028. Mkihubiri juu ya kura, chumvi na kitenge na bunga vipeni dakika tano. Hata Nkambo amekwisha kuelewa. Muda uliobaki tufundisheni namna ya kuchagua kati ya watu ambao hawakutuletea chochote.