Mwongozo wa Kujitibu kwa Vidonge Vitatu

Kwako usiye na muda wa foleni ya hospitali: dawa yako ipo. Inaitwa azithromaisini, antibayotiki ya jamii ya makrolaidi, iliyogunduliwa na wanakemia wa kiwanda cha Pliva mjini Zagreb mwaka 1980. Dozi moja maarufu ya watu wazima ni vidonge vitatu vya miligramu 500, kimoja kwa siku, siku tatu, kwisha. Ukitaka kuiharibu dawa nzuri namna hii, fuata hatua zifuatazo.

Kwanza, usipime. Dukani sema tu, "Nipe ya yutiai." Kiuno kinauma? Yutiai. Umechoka? Yutiai. Usijali kwamba dawa hii hutoka mwilini zaidi kwa njia ya nyongo, na ni kidogo tu inayopita kwenye mkojo, ndiyo maana si chaguo la maambukizi ya kawaida ya kibofu. Bei umeshalipa.

Pili, itumie kwa mafua. Azithromaisini hung'ang'ania ribosomu za bakteria, wakashindwa kutengeneza protini. Virusi vya mafua havina ribosomu, lakini wewe meza. Baada ya wiki mafua yataondoka yenyewe na sifa atachukua muuza duka. Mwaka 2020 dunia nzima iliijaribu kwa korona. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, lenye wagonjwa zaidi ya 7,000 waliolazwa, likaonyesha kuwa haikupunguza vifo. Hayo yasikukatishe tamaa.

Tatu, gawana. Kimoja chako, kimoja cha mama watoto, cha tatu kaa nacho kwenye droo. Hapa ndipo utamu ulipo. Nusu ya dawa hii huchukua takriban saa 68 kutoka mwilini, kwa hiyo ukikamilisha dozi inaendelea kufanya kazi siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Ukimeza nusunusu, kinachobaki kuzagaa siku zote hizo ni kiasi cha kuwachokoza bakteria bila kuwamaliza. Wanaoponea hapo ndio wanaozaa usugu. Kisonono kimeshafika mbali katika masomo hayo.

Nne, nyamaza kuhusu moyo wako. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuwa dawa hii inaweza kuvuruga mapigo ya moyo kiasi cha kuua, hasa kwa wenye matatizo ya mapigo tangu awali au upungufu wa potasiamu. Kwa hiyo usiseme kwamba unatumia kwinini au mseto wa malaria, ambazo nazo hugusa umeme wa moyo. Usitaje warfarini. Na kama uliwahi kupata manjano kwa dawa hiihii, hiyo ni siri yako.

Tano, wacheke wanaofuata utaratibu. Kwenye kampeni za trakoma, ule ugonjwa wa vikope unaopofusha, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kupata msaada wa dawa hii, mtoto husimamishwa kwenye fimbo yenye alama. Mgawaji anatazama utosi umefikia alama gani, anamimina kiasi hicho cha dawa ya maji, mtoto anaimeza palepale mbele yake. Fimbo nzima kwa ajili ya dozi moja! Wewe ulipimwa na nani?

Mwisho, hali ikizidi, nenda hospitali. Daktari atakuuliza umeshatumia dawa gani. Mtazame usoni umjibu, "Sijatumia kitu, daktari." Maabara wataotesha mkojo wako na huenda wasione mdudu yeyote, kwa kuwa dawa bado imo mwilini. Daktari ataanza kukutafutia ugonjwa mwingine, na wewe utakuwa na muda wa kutosha wa foleni.