Itifaki Imezingatiwa, Picha Bado

Ukialikwa kwenye warsha ya kupiga picha za wanyamapori Dodoma, beba suti. Kamera si lazima. Ule mwanga laini wa alfajiri wanaousifia wapiga picha utakukuta kwenye foleni ya fomu ya mahudhurio. Mgeni rasmi atafika saa tano, jua likikaribia utosi. Kisha taa zitazimwa, kiyoyozi kitanguruma, nawe utaoneshwa simba wa Serengeti ukutani.

Nje, kwenye mbuyu wa maegesho, kasuku wadogo wa kijani wenye ukosi wa njano na uso mweusi wanagombania tundu. Kwa asili ndege hao ni wa Tanzania peke yake, na wapo wageni wanaovuka bahari kuja kuwatazama. Ila hawamo kwenye ratiba.

Mafunzo kwa vitendo ni picha ya pamoja. Hapo ndipo lenzi ndefu kama mchi hupata tai wake wa kwanza: ile nyekundu iliyo shingoni mwa mgeni rasmi.

Mbona huko Kolo, Kondoa, watu wa kale walichora twiga na pofu majabalini kwa ngeu, bila warsha. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikwenda kuinakili michoro hiyo mwaka 1951, na UNESCO ikaitia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Hakuna ushahidi kwamba wachoraji walisaini posho.

Waandaaji, safari ijayo tuanzeni saa kumi na mbili asubuhi, nje ya ukumbi. Bahasha mtugawie hapohapo chini ya mbuyu, hatutasusa.