Giga za Mama

Diski ya kompyuta ikijaa nyumbani kwetu Mudzipela, mshukiwa wa kwanza huwa ni kwaya.

Dada yangu anaimba sauti ya kwanza parokiani, na kila sherehe ya Bunia, kuanzia upadrisho hadi diploma ya Serikali, huishia kwenye kompyuta yangu: video ndefu ambamo kamera inamtafuta mwimbaji mmoja tu. Mshukiwa wa pili ni mpwa wangu na filamu zake za kupigana, zinazoingia nyumbani kwa flashi kutoka Soko Kuu. Wa tatu, kwa ushahidi wa hao wawili, ni mimi na makaratasi yangu, ingawa ripoti zangu zote zikijumlishwa hazifikii uzito wa wimbo mmoja wa matoleo.

Kompyuta yenyewe ni ya okazi. Ilitoka Kampala ikapitia Mahagi, na diski yake ni ya giga 64. Siku ilipoandika kwa Kifaransa kwamba nafasi haitoshi, nilikuwa nachapa ripoti ya mwisho wa mwaka ya shule, na mkurugenzi alikuwa anaingoja asubuhi. Tukakaa kikao. Dada akasema filamu zitoke. Mpwa akajibu kwamba Misa ya Pasaka ya mwaka juzi imo mara mbili, tena nzima, pamoja na matangazo. Tukaangalia. Ilikuwa kweli, na kimya kilichofuata hakikuwa cha Kikristo.

Misa moja ilifutwa. Ikafuata filamu moja, kwa ajili ya haki. Nafasi iliyopatikana ikamezwa hata kabla sijamaliza kuandika jina la shule.

Ndipo mpwa akaanza kupekua diski nzima, folda baada ya folda.

“Mjomba, kuna mmoja humu anaitwa Windows.old.”

“Anakula ngapi?”

“Giga kumi na tano.”

Dada aliinua macho taratibu, kwa ajili ya ile Misa.

Kumbe kijana alikuwa ameipeleka kompyuta mahali penye intaneti ya bure, na huko ikapanda kutoka Windows 10 kwenda 11. Kupanda kwenyewe hakukuwa na ubaya: msaada wa kawaida wa ile ya 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini ile ya 11 inataka diski isiyopungua giga 64, na sisi tulikuwa nazo hizo hizo, bila ya kuongezea. Mfumo ukihamia toleo jipya hauutupi ule wa zamani. Unaufungia wote ndani ya folda hiyo, ili jipya lisipokupendeza uweze kurudi ulikotoka, na siku 10 zikipita huifuta wenyewe. Mimi naona ni busara. Mtaani kwetu wapo watu ambao wangeomba siku 10 kama hizo baada ya harusi. Ila ripoti haikuwa na siku 10.

Mpwa aliikamata folda akabonyeza kufuta. Kompyuta ikadai ruhusa, akaitoa, ikadai nyingine. Njia ya amani ni kupitia Paramètres, kisha Système, Stockage, halafu Fichiers temporaires. Hapo inatokea orodha yenye visanduku, na kimoja ndicho cha Windows iliyotangulia. Nacho kile cha Téléchargements kimo humo humo, yaani makazi ya zaburi za dada. Alisimama nyuma ya kiti akiulinda mkono wangu kwa macho.

Nikabonyeza. Kazi yenyewe haina haraka, na betri yetu ni ya kumbukumbu tu. Umeme wote ulitoka kwenye jenereta ya jirani, ambaye huizima saa nne usiku, au mapema zaidi akiwa amekosana na mkewe. Tuliwatakia ndoa njema. Mwishoni folda ikatoweka, ripoti ikahifadhiwa, na mpwa akatangaza kwa sauti kwamba giga kumi na tano zimetoka.

Mama alikuwa pembeni anachambua maharagwe.

“Papa,” aliniita, maana nabeba jina la baba yake, “zimetoka kweli?”

“Zimetoka, Mama.”

Akanyoosha simu yake. “Niwekee tano. Nyingine wape watoto.”

Nikamweleza kwamba hizi si zile za kibanda cha unite. Hizi ni nafasi tu.

“Giga si giga? Basi ziko wapi?”

“Nimezifuta.”

“Umezifuta.” Alimgeukia dada, akamgeukia mpwa, kama anayetafuta mashahidi. Kisha akaanza kuzihesabu kwa bei ya kibandani, kwanza kwa franka, halafu kwa dola, na alipofika kwenye mbuzi nikafunga kompyuta.