Kamanda wa Kichuguuni

Jana jioni, mbele ya mashahidi watatu, nilipigana na ukuta nikashindwa.

Nilikuwa juu ya kichuguu nyuma ya nyumba ya shangazi, maana hapa Sandoa mtandao huchagua pa kukaa, na umechagua pale. Tulikuwa kwenye Free Fire, mchezo wa simu: watu 50 wanashuka kisiwani kwa miavuli, eneo linabanwa kidogo kidogo, anayebaki mwisho ndiye mshindi. Kikosi chetu ni wanne: mimi, mmoja wa Kolwezi na wawili wa Lubumbashi. Wenzangu wote walikuwa wameshakufa. Nimebaki peke yangu, maiki wazi. "Tulieni, kamanda yupo! Wa kwanza chini! Huyu wa pili ananikimbia!" Wakawa kimya. Nikadhani ni heshima.

Sasa, aliyekufa kwenye mchezo huu huruhusiwa kumtazama mwenzake aliye hai. Ila haoni ninachokiona mimi. Anaona kile ambacho seva, yaani kompyuta kuu ya mchezo, inakijua, na seva ndiyo hakimu. Simu yangu ikikosa habari kutoka kwa hakimu haikubali kukaa bure. Inabuni. Inanionyesha nikikimbia, nikifyatua, yote kwa kukisia, ikisubiri kuthibitishiwa. Mnara wa kijijini ukitegemea satelaiti iliyo kilomita 36,000 juu, swali na jibu hula karibu nusu sekunde hata yakienda kwa kasi ya mwanga wenyewe. Mtandao ukikwama, hesabu ni sekunde nzima nzima. Kwa hiyo tulikuwepo mimi wawili. Mmoja shujaa, kiganjani mwangu. Mwingine kule kwenye seva, pua ukutani, anatembea papo hapo kama mbuzi wa kamba. Wenzangu walikuwa wanamtazama wa pili huku wakimsikiliza wa kwanza.

Maana sauti ilifika! Sauti haingoji hukumu: ni mzigo mwepesi, kipande kikidondoka njiani sikio linajaza lenyewe. Ilifika safi, pamoja na ya shangazi kutoka jikoni: "We kamanda, bukari inapoa, na kuku hujawafungia!"

Nikafa. Risasi moja, ya mgongoni.

Na si mara ya kwanza. Wiki iliyopita chaji iliniishia nikiwa hewani. Mwavuli wangu, nadhani, haujatua mpaka leo. Kabla ya hapo mega za intaneti zilikatika katikati ya salamu.

Hiyo chaji nainunua kwa mwenye paneli ya jua, simu ikipanga foleni kama mgonjwa. Ndani ya betri ya simu hiyo kuna kobalti, na karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, nyingi ikitoka huku kwetu, Kolwezi na jirani zake. Tangu 1982 kuna waya wa umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700, ukipita juu ya vijiji vinavyowasha vibatari. Umeme unaijua njia ya mgodini. Ya kwa shangazi haujafundishwa, miaka yote hiyo, na hapo mimi sichekeshi mtu.

Wale wenzangu watatu wa kikosi sijawahi kuwapa mkono. Nilipolala na malaria, ndio walionitumia unite za simu, wakauliza hali kila jioni.

Leo tunacheza tena. Wamekubali niwepo. Wameomba tu nifunge maiki.